UZI: Jeshi la Malawi, nchi isiyo na bahari. Tusilipime kwa kuhesabu vifaru

Mwana wa Songwe

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa mpaka wa Ziwa Nyasa kuna ndugu aliandika kwamba Malawi "tunaimaliza kabla ya chai ya saa nne", akapigiwa makofi kurasa mbili nzima. Iliniuma. Mimi mzaliwa wa Kyela. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, akaolewa huku. Misiba ya kule tunakwenda, ya huku wanakuja. Jeshi la Malawi nimelifuatilia tangu niko sekondari, nikasema ngoja nishushe ninachokijua, tujadiliane kwa hoja.

Naanzia Beni, Kongo, maana hapo tuna deni.

Novemba 2018 askari wa Umoja wa Mataifa na wa jeshi la Kongo walikwenda kuwashambulia waasi wa ADF msituni karibu na Beni. Mbele walikuwa vijana wa ile brigedi ya mapigano ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Moto ukawa mkali, Watanzania wakalazimika kurudi nyuma. Koplo mmoja wa JWTZ alikuwa amejeruhiwa vibaya, hawezi kutembea, yuko mahali pa wazi na risasi zinapita. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi akamwona. Yule si mtu wa kikosi chake wala wa nchi yake. Akamfuata, akamburuta mpaka penye kificho, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Yuko katika kazi hiyo, risasi ikampata yeye. Koplo wetu akaishi, Chitete akafa.

Katika operesheni ile walikufa walinda amani kadhaa, wengi wao wa Malawi. Mei 2019, New York, Katibu Mkuu António Guterres alimtunuku Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, ile ya ushujaa wa kipekee, na mjane wake ndiye aliyeipokea. Mbaye Diagne alikuwa ofisa wa Senegal aliyeokoa watu wengi Rwanda mwaka 1994 akauawa kule kule. Nishani hiyo haigawiwi ovyo.

Sasa niambieni, mtoto wa koplo yule akikua akasoma uzi wetu wa chai ya saa nne, tutamweleza nini?

Tuingie kwenye jeshi lenyewe.

Malawi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964 ilirithi batalioni ya kwanza ya King's African Rifles, wale ambao wazee wetu waliwaita keya. Ikabadilishwa jina kuwa Malawi Rifles. Kambi zao hadi leo zina majina ya enzi hizo. Zomba kuna Cobbe, jina la ofisa Mwingereza aliyepigana Somalia. Mzuzu kuna Moyale, pale mpakani mwa Kenya na Uhabeshi ambapo keya wa Nyasaland, yaani Malawi ya enzi za mkoloni, walizingirwa na Waitaliano mwaka 1940. Makao makuu yako Kamuzu Barracks, Lilongwe. Jeshi lote ni watu takriban elfu kumi, wengi wao wa miguu, pamoja na kikosi cha miavuli kilichoko Salima. Ndege vita hawana. Za usafiri na helikopta ni za kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo kwa upande wa vifaa tu, yule ndugu hakukosea sana. Kosa lake ni kudhani habari inaishia hapo.

Kumbukeni Januari 1964. Keya wa Tanganyika waliasi pale Colito, Dar es Salaam, maasi yakaruka Uganda na Kenya. Nyerere akalivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, jeshi lililojengwa upya likiwa karibu sana na chama. Malawi hawakuasi. Kiongozi wao Kamuzu Banda aliliacha jeshi lake kama lilivyo, maofisa wa Kiingereza wakaendelea kuliongoza kwa miaka kadhaa. Lakini hakuliamini. Akajenga nguvu yake pembeni: Young Pioneers, vijana wa chama chake cha Malawi Congress. Walianza mwaka 1963 kama vijana wa kilimo na ujenzi wa taifa, wakapewa mafunzo na Waisraeli, kisha wakapewa bunduki na upelelezi. Waliogopwa kuliko askari. Mjomba wangu wa Karonga alikuwa akisimulia: Pioneer akipanda basi, watu wanaacha mazungumzo. Usipokuwa na kadi ya chama hupandi basi wala huingii sokoni. Askari wa jeshi akikutana na Pioneer mtaani, askari ndiye aliyempisha.

Mambo ya namna hiyo hayadumu. Juni 1993 Wamalawi wakapiga kura ya maoni kukataa chama kimoja. Pioneers wakabaki na silaha zao. Tarehe 1 Desemba 1993, Mzuzu, ugomvi ulioanzia baa ukaishia kwa Pioneers kuwapiga risasi askari na kuwaua. Siku mbili baadaye wanajeshi wakatoka kambini Lilongwe wakaenda kuwanyang'anya Pioneers silaha. Waliita Operesheni Bwezani. Bwezani kwa Kichewa ni "rudisheni". Walipiga kambi za Pioneers na ofisi za chama, raia wakawafuata nyuma, na sehemu nyingine pakawa na uporaji. Sisemi ilikuwa kazi safi. Watu walikufa, na Pioneers wengi walivuka kwenda Msumbiji na bunduki zao.

Ila tazameni kilichofuata. Askari wale walikuwa wameshika mji, rais ni mzee mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kichwa, chama tawala kimechanganyikiwa. Nchi ngapi za Afrika asubuhi inayofuata zingesikia muziki wa bendi redioni, kisha kanali anasoma tangazo? Wao walirudi kambini. Mei 1994 watu wakapiga kura, Banda akashindwa na Bakili Muluzi, akakubali.

Hapo ndipo ninapoliheshimu jeshi hili. Nitaendelea na 2012 na 2020, ngoja nipumue. Karibuni.

Fundi Mtambo

Mkuu, uzi mzito, nimekaa. Swali la haraka: nasikia wana jeshi la majini. Nchi haina bahari, manowari za nini?

Mwana wa Songwe

Mkuu Fundi, manowari hawana. Wana kikosi cha maji chenye kambi yake Monkey Bay, wilaya ya Mangochi, kusini mwa ziwa. Kazi ni boti za doria: uokoaji, magendo, kulinda wavuvi. Usilione ziwa lile kama bwawa. Urefu ni karibu kilomita 580, kina kinafika mita 700, na mawimbi ya mwera ukiyakuta katikati utadhani uko Nungwi. Tena wana visiwa viwili, Likoma na Chizumulu, ambavyo viko ndani ya maji ya Msumbiji, vimezungukwa pande zote. Mtu wa Likoma akitaka hospitali kubwa lazima avuke. Bila chombo cha serikali majini wananchi wale wamesahaulika.

Mzee wa Liuli

Wajukuu, hamjambo. Hii habari ya vita vya majini kwenye ziwa letu inanihusu, maana vilipiganwa mlangoni kwetu.

Hapa Liuli Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe kubwa la bandarini, lina umbo la mnyama aliyelala amenyanyua kichwa. Ukija kwa boti unaliona kabla hujaona nyumba. Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu hapa kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha wa Kiingereza wa meli Gwendolen iliyokuwa upande wa Nyasaland. Walikuwa wakikutana ziwani wanakunywa pamoja. Vita ikatangazwa Ulaya, Rhoades akapata habari, Berndt hakupata. Gwendolen ikaja asubuhi ya tarehe 13 Agosti, ikapiga mzinga, na Mjerumani akaja na kimtumbwi chake huku akimfokea mwenzake amelewa au amepatwa na nini. Akaambiwa kuna vita, wewe ni mateka. Magazeti ya London yakashangilia ushindi wa majini. Ni katika mapigano ya kwanza kabisa ya majini ya vita vile.

Babu yangu alikuwa mtoto. Alichokuwa akisimulia sicho cha manahodha. Alisimulia kelele, kwamba ng'ombe walikimbia mpaka mtoni na mama yake alimfunika kwa kapu la mihogo. Kisha miaka iliyofuata vijana wa pande zote mbili wakachukuliwa ukarani, uaskari na upagazi. Ng'ambo kule mchungaji John Chilembwe aliandika gazetini kuuliza kwa nini Waafrika wakafe kwa vita visivyo vyao, na Januari 1915 akaanzisha uasi, akauawa. Leo picha yake iko kwenye noti za Malawi. Jeshi la nchi ile lina historia ya keya, lakini noti yake ina picha ya mtu aliyepinga ukeya. Hilo huwa nalitafakari sana.

Na mwaka 2012 niliuona upepo ule ule ukivuma. Malawi walikuwa wameshatoa leseni kwa kampuni ya Kiingereza kutafuta mafuta ziwani, wakubwa Dodoma wakatoa maneno makali, wa Lilongwe wakajibu. Hapa kijijini wavuvi wiki nzima hawakwenda mbali. Wanawake wakaanza kufunga mizigo. Mtu alipita anasema amesikia ndege usiku. Hakukuwa na ndege, ni mashine ya kusaga iliyokuwa imepelekwa kijiji cha pili. Mnaoandika "tuwapige" kutoka mjini, risasi ya kwanza itaanguka huku.

Fundi Mtambo

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili. Kwani kisheria ziwa ni la nani?

Mzee wa Liuli

Marahaba mwanangu. Malawi wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliouweka mpaka kwenye ukingo wa mashariki, yaani ufukwe wetu. Wanaongeza azimio la OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, la Cairo la 1964, kwamba mipaka ya mkoloni ibaki ilivyo. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji kama ilivyo desturi ya maziwa, na Mwalimu alilisema hilo tangu 1967. Kwa ramani yao mjukuu wangu akienda kuoga amevuka mpaka. Kwa ramani yetu hajatoka hata kijijini. Suala likapelekwa kwa marais wastaafu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, chini ya Joaquim Chissano. Halijafungwa, lakini hakuna aliyekufa kwa ajili yake. Mimi hapo nashukuru Mungu.

Utingo Mstaafu

Wakuu, ngoja niongeze upande ambao wasomi huwa wanauruka. Mstari wa mbele wa Malawi hauko ziwani, uko barabarani.

Nimekuwa utingo na baadaye dereva wa malori ya mafuta, Dar hadi Lilongwe, miaka kumi na minne. Unapakia Kigamboni, Morogoro, Kitonga, Makambako, Mbeya, unashuka Tukuyu breki zinanuka, unafika Kasumulu. Pale daraja la Songwe nimewahi kulala siku tisa. Foleni ya matenki mpaka huko nyuma kwenye migomba. Mama ntilie pale alikuwa ananijua kwa jina, ananikopesha wali na kuku hadi nirudi. Ofisa mmoja wa Malawi tuliyekuwa tukinywa naye chai akaniambia: "Dereva, ukichelewa wiki mbili, gari za jeshi letu zinasimama." Hakuwa anatania, alikuwa anahesabu malori kwa kidole.

Nchi isiyo na bahari, petroli ya kifaru chake inapita kwenye mikono ya jirani. Malawi ina njia tatu za kwenda kwenye maji ya chumvi: Nacala, Beira, na hii yetu ya Dar. Zote za watu. Miaka ya 1980 vita ya Msumbiji ikazikata mbili za kwanza, reli ikawa inalipuliwa na RENAMO, waasi wa Msumbiji, mzigo wa Malawi ukawa unazunguka hadi Durban kwa barabara. Mnajua chumvi na sabuni zilipanda bei kiasi gani? Ndipo wakaipanua njia ya Dar, wakajenga maghala yao ya Malawi Cargo Dar na Mbeya. Na mwaka 1987 wakapeleka askari ndani ya Msumbiji kuilinda reli ya Nacala. Hiyo ndiyo sera yao ya ulinzi kwa vitendo: askari wa nchi ya mlimani analinda mataruma ya reli ya nchi nyingine ili kwao kufike mbolea.

Hata Aprili 2025, Tanzania na Malawi zilipozuiliana mazao, mchele na unga huku, tumbaku na sukari kule, nilijua mambo yataisha haraka. Na yaliisha. Mwenye bandari na mwenye mzigo hawawezi kununiana muda mrefu.

Binti Ruvuma

Kaka Utingo, asante. Lakini nina jambo na mwenye uzi, na nalisema kwa heshima. Unaisimulia Malawi kama malaika. Kabla ya kupeleka askari Nacala mwaka 1987, ni nani aliyekuwa akiwapitisha RENAMO? Banda alikuwa rais pekee wa eneo letu aliyekuwa na ubalozi na makaburu. RENAMO walikuwa wanapita Malawi kama shambani kwao, na Pioneers walitajwa sana humo. Mimi nimekulia Songea, wakimbizi wa Msumbiji nimesoma nao darasa moja. Kuna mwenzangu alikuwa haandiki kwa mkono wa kulia kwa sababu hakuwa na vidole. Septemba 1986 Samora alikwenda Blantyre na Kaunda na Mugabe kumkanya Banda, akarudi akitishia kuweka makombora mpakani. Mwezi uliofuata Samora akafa kwenye ndege. Hayo tusiyaruke.

Mwana wa Songwe

Dada Binti Ruvuma, umenikosoa kwa haki, na nakubali. Niliruka.

Banda alisema wazi kwamba nchi yake ni maskini, imezungukwa, na atakula na yeyote mwenye chakula. Makaburu walimkopesha fedha za kujenga mji mkuu mpya Lilongwe. Gharama yake ikalipwa na watoto wa Msumbiji kama mwenzako. Na hata kwao ililipwa: njia walizokata RENAMO ndizo zilizokuwa zikiilisha Malawi yenyewe, na kufikia 1992 walikuwa wanahifadhi wakimbizi wa Msumbiji karibu milioni moja, kwenye nchi ambayo yenyewe haikuwa na watu milioni kumi. Desemba 1986 ndipo walipotia saini na Maputo makubaliano ya usalama, na jeshi likaenda kwenye reli. Wanajeshi wengi wa Malawi wamekufa kwenye reli ile, wakipigwa na watu ambao rais wao aliwafumbia macho. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya hasira ya askari kwa Pioneers mwaka 1993. Baa ya Mzuzu ilikuwa kiberiti tu, petroli ilimwagwa muda mrefu.

Kwa hiyo nirekebishe: sisifii serikali za Malawi. Nasifu tabia moja ya askari wake iliyojirudia.

2012. Rais Bingu wa Mutharika alianguka kwa moyo tarehe 5 Aprili. Maiti ikasafirishwa Afrika Kusini, taifa likaambiwa anatibiwa. Katiba inasema makamu anashika. Makamu ni Joyce Banda, aliyefukuzwa chamani na kuanzisha chama chake. Mawaziri wakatokea kwenye televisheni usiku kusema hawezi kurithi kiti. Mama yule akampigia simu mkuu wa majeshi, Jenerali Henry Odillo, akamwuliza kama jeshi liko na katiba. Jenerali akapeleka askari kuzunguka nyumba yake. Tarehe 7 Aprili akaapishwa. Hakuna risasi hata moja.

Muuza Vitenge

Wakuu, mimi niko Lilongwe, nauza vitenge, mwenyeji wa Tunduma. Ya 2019 na 2020 nimeyaona kwa macho, mniruhusu.

Baada ya uchaguzi wa Mei 2019, ule wa matokeo yaliyopakwa wino wa kufutia, maandamano yalikuwa karibu kila wiki. Sisi wafanyabiashara tulikuwa tunafunga duka tukisikia kelele. Siku moja sikuwahi. Nimesimama nyuma ya geti la chuma, naona watu wanakuja barabara nzima, na polisi upande wa pili wana mabomu ya machozi. Katikati likaingia gari la jeshi. Moyo ukaenda mbio, nikajua leo tumekwisha. Askari wakashuka wanne, bunduki zinatazama chini, wakajipanga kati ya polisi na waandamanaji. Mmoja kijana sana, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu, akawa anawaonyesha watu kwa mkono: piteni huku, piteni huku, msirushe mawe. Mama mmoja akampa chupa ya maji. Akanywa, akairudisha kwa mikono miwili. Wale watu wakapita wakiimba, na duka langu halikuguswa.

Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano waliletwa mahakamani kwa gari la deraya la jeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakafuta uchaguzi. Hukumu ilisomwa saa nyingi mno, mji mzima umeweka sikio kwenye redio. Mwezi uliofuata Rais Peter Mutharika, mdogo wake marehemu Bingu, akamwondoa mkuu wa majeshi, Jenerali Vincent Nundwe. Watu hapa walisema sababu ni askari kuwalinda waandamanaji. Juni uchaguzi ukarudiwa, mpinzani wake Lazarus Chakwera akashinda, na Nundwe akarudishwa kazini.

Ila nisiwadanganye, maisha ya askari hawa ni magumu. Wateja wangu wengi ni wake zao. Wanalipa kitenge kwa awamu tatu.

Mwana wa Songwe

Dada, asante sana. Picha ya yule kijana na chupa ya maji haitanitoka.

Umegusa ugumu, na hapo lazima niseme yanayouma. Tarehe 10 Juni 2024 ndege ya jeshi, Dornier 228, ilimchukua makamu wa rais Saulos Chilima na wenzake kutoka Lilongwe kwenda msibani. Mzuzu ukungu, ikaambiwa irudi, ikaangukia msitu wa Chikangawa. Wote tisa wakafa. Kesho yake ndipo ikapatikana, baada ya askari kukesha wakitembea kwa miguu kwenye misonobari na baridi. Wachunguzi wa Kijerumani walikuta haikuwa na kinasa sauti wala kinasa mwenendo. Umaskini wa jeshi huonekana pale. Nchi inayokosa dola za kununulia petroli hospitalini haitanunua ndege mpya ya jeshi, na anayepanda ile ya zamani anapanda na maombi.

Kisha Goma. SADC ilipeleka kikosi kingine Kongo mwishoni mwa 2023, nchi zile zile tatu. Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji. Malawi ikapoteza askari watatu, na sisi wawili, Afrika Kusini zaidi ya kumi. Februari Chakwera akaagiza jeshi lijiandae kurudi, na Machi SADC ikakifunga kikosi chote. Watu wa mitandaoni wakawaita waoga. Mimi najiuliza: mwaka 2013 brigedi ya nchi hizi tatu, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ, iliwasaidia Wakongo kuwaondoa M23 ndani ya miezi. Helikopta za mashambulizi zilikuwepo, na azimio namba 2098 la Baraza la Usalama liliwaruhusu kushambulia. Mwaka 2025 hawakuwa na anga, uwanja wa ndege umefungwa, adui ana silaha za kisasa. Praiveti wa Malawi pale Sake, karibu na Goma, angefanya nini zaidi ya alichofanya?

Kwa nini nchi maskini namna hii inapeleka vijana Rwanda, Ivory Coast, Kongo? Jibu la kwanza ni fedha za UN, tusifiche. Posho ya mwaka mmoja wa ulinzi wa amani inajenga nyumba ya bati na kusomesha. Jibu la pili ni mazoezi na vifaa ambavyo bajeti yao haiwezi kuvipata. La tatu mimi naliamini ingawa siwezi kulipima: nchi isiyo na mlango wake inahitaji majirani wanaoidai wema. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipofunika Blantyre na Phalombe kwa matope, Tanzania ilipeleka helikopta za jeshi na unga. Askari wetu na wao walifanya kazi pamoja kwenye matope yale yale.

Chai ya Saa Nne

Mwenye uzi, ni mimi niliyeandika ile ya wiki iliyopita. Nimebadilisha jina ili mnijue. Nimesoma yote. Habari ya Chitete sikuijua kabisa, na nina shemeji JWTZ aliyekuwa Beni. Nimempigia jana. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akasema, "Yule kijana tunamwombea kila mwaka." Naomba radhi kwa Wamalawi humu ndani na kwa wewe mkuu.

Nina swali moja la kweli. Bandari ya Mbamba Bay inajengwa, ng'ambo yake ni Nkhata Bay. Boti zao za doria na zetu zitakuwa zinapishana kila siku na mpaka haujakubaliwa. Huko mwambao mnaishije na hilo?

Mzee wa Liuli

Mwanangu, radhi imepokelewa.

Tunaishi hivi. Juma lililopita mwera ulivuma siku tatu. Mtumbwi wa watu wanne kutoka ng'ambo ukasukumwa mpaka hapa chini ya jiwe, kasia moja limevunjika. Vijana wakaupandisha mchangani. Mmoja alikuwa na shati la jeshi la Malawi, kuukuu, limepauka mabegani. Alisema ni la kaka yake aliyerudi Kongo. Tukawapa ugali na usipa, wakalala kwenye banda la nyavu. Mwenyekiti wa kijiji akaandika majina yao kwenye daftari, akapiga simu polisi, polisi wakasema upepo ukitulia waende. Siku ya nne alfajiri ukatulia. Fundi wetu alikuwa ameshawachongea kasia jipya la mninga, wakalilipa kwa nusu dumu la mafuta ya taa.